Kuvuta gari dogo nyuma ya Coaster au Fuso la kulala: fremu ya A, kitoroli, tela au dereva wa pili?

Ukishaigeuza Coaster au Fuso kuwa gari la kulala, ukaweka kitanda, jiko la gesi na tangi la maji, swali linalofuata ni la gari dogo. Kubwa linatosha kwa lami ya Tunduma hadi Iringa. Halitoshi kwa kona za Hamsini na Saba zinazopanda kutoka Chimala kwenda Matamba na Kitulo, wala kwa njia ya maporomoko ya Kaporogwe mvua ya Rungwe ikishanyesha, na ndani ya Hifadhi ya Ruaha utatamani kitu chepesi zaidi. Wachimba visima wanalijua hili, wapima ardhi wanalijua, vikundi vya injili vinavyopiga kambi kijiji kimoja wiki nzima vinalijua. Kubwa liegeshwe, dogo lizunguke. Sasa hilo dogo linafikaje huko?

Njia ni nne: kulivuta likiwa limekanyaga chini kwa magurudumu yote manne, kwa fremu ya A (chuma cha umbo la herufi A kinachounganisha pua ya gari dogo na nyuma ya kubwa), kulivuta magurudumu ya mbele yakiwa yamepandishwa kwenye kitoroli, kulibeba lote juu ya tela, au kumpa dereva wa pili alifuate kubwa. Kamba siihesabu. Kamba ni ya kunasua gari kwenye tope na kulifikisha gereji ya karibu mtu akiwa kwenye usukani, maana kamba inajua kuvuta tu, haijui kuzuia. Kwenye mteremko wa Inyala gari la nyuma litakuja kugonga la mbele.

Wengi wanaoniuliza huanza na bei. Naelewa, lakini kwa nyanda zetu hizi za juu kusini naomba uanze na maswali mawili mengine: giaboksi ya gari dogo itafanywa nini njiani, na nani atalizuia gari dogo wakati wa kushuka. Ukishayajibu hayo, njia mbili kati ya nne huwa zimejiondoa zenyewe.

Giaboksi ndiyo inayoamua

Kuvuta gari magurudumu yote yakiwa chini ndiko kunakopendwa sana Marekani nyuma ya magari ya kulala, na kuna sababu: hakuna tela la kuhifadhi, kufunga na kufungua ni dakika chache, na ukifika kambini gari dogo liko tayari kutembea. Ila si kila gari linakubali.

Kwenye otomatiki ya kawaida, pampu ya mafuta ya giaboksi inazungushwa na injini. Ukizima injini pampu inasimama, lakini magurudumu yanaendelea kuzungusha vyuma vya ndani, na mafuta hayasukumwi kufika yanakotakiwa. Kuweka N (nyutro) hakubadilishi hilo hata kidogo. Kusogea taratibu kutoka barabarani hadi gereji ya jirani kunavumilika. Mbeya hadi Iringa, zaidi ya kilomita 300, ni kuichinja giaboksi. CVT, yaani otomatiki inayotumia mkanda badala ya gia, nayo ni hivyo hivyo. Kwa hiyo IST, Passo, Spacio, Premio na ndugu zao wengi tunaowaona Mwanjelwa, kama ni otomatiki, wameshatoka kwenye fremu ya A. Wabaki kwenye kitoroli, tela au dereva wa pili.

Prius nayo ina lake. Magurudumu ya mbele yameungana na mota ya umeme, yakizunguka mota inazunguka na kuzalisha umeme hata kama gari limezimwa. Usiivute Prius magurudumu ya mbele yakiwa yanagusa lami. Nyanyua ya mbele, au libebe lote.

Gia za mkono zina nafuu, lakini nafuu hiyo hailingani kwa magari yote. Gari dogo linaloendeshwa na magurudumu ya mbele, kama Vitz ya gia za mkono, difu yake imo ndani ya nyumba moja na giaboksi, na ikizunguka inarusha mafuta. Mengi ya aina hiyo huvutwa yakiwa nyutro bila shida, ila kitabu cha gari ndicho chenye neno la mwisho. Gari la kuendeshwa na magurudumu ya nyuma, kama kirikuu, ni jingine. Kwenye nyutro injini ikiwa imezimwa, ile shafti ya chini inayochota mafuta kwenye giaboksi imesimama, huku shafti ya kutokea inazungushwa na propela, ule mhimili mrefu unaounganisha giaboksi na difu. Kwa safari ndefu dawa yake ni kufungua propela upande wa difu. Kabla ya kulegeza nati yoyote, chora alama ya chaki au rangi kwenye flenji zote mbili ili ukirudisha zikutane pale pale zilipokuwa, vinginevyo utapata mtetemo ambao haukuwepo. Na kama propela ni ya kuchomoka kwenye giaboksi, ziba tundu la nyuma, maana mafuta yatamwagika njia nzima. Fundi mzoefu anamaliza kazi hiyo upesi, na bolti anazipanga kwenye kopo moja zisipotee.

Gari lenye transfa (sanduku linalogawa nguvu kwenda mbele na nyuma) yenye N yake, kama Jeep Wrangler, linakaa vizuri zaidi kuliko yote: transfa ikiwa N, giaboksi haizungushwi kabisa. Ndiyo maana Wamarekani wanalipenda kwa kazi hii. Jimny ya zamani yenye mti wa transfa watu huitamani kwa sababu hiyo hiyo. Fuata kitabu chake, na kama kitabu hakipo, fungua propela.

Jambo la mwisho hapa, nalo linaua magari mengi: gari la kuendeshwa na magurudumu manne muda wote, kama Forester, kamwe lisivutwe mawili yakiwa juu na mawili chini. Mitambo inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma itaona tofauti ya mwendo kilomita baada ya kilomita na kuungua. Hata IST na RAV4 zipo za 4WD, na wenye magari mara nyingine hawajui. Chungulia chini: ukiona propela inayoelekea nyuma, kitoroli si chako.

Fremu ya A: vifaa vyenyewe

Tuseme gari lako limekubali. Unachohitaji si fremu peke yake, na hapa ndipo watu wanaponunua nusu ya mfumo na kuingia barabarani.

Kwanza ni mahali pa kushikia kwenye gari kubwa. Fuso ina faida, mihimili ya chasisi inafika nyuma, fundi anafunga soketi ya mraba ya inchi 2 kwa bolti za daraja la 8.8 au zaidi na kazi inaeleweka. Coaster inahitaji kuangaliwa: kama bodi ilirefushwa nyuma na vyuma vikaunganishwa kwa kulehemu, usitundike mzigo kwenye hicho kiraka. Rudi hadi kwenye chasisi ya asili. Bampa si mahali pa kuvutia, hata likionekana nene namna gani.

Pili ni bamba la kuvutia kwenye gari dogo. Hili linafungwa kwenye mihimili ya mbele iliyo nyuma ya bampa, kila upande, na linatengenezwa kwa kufuata umbo la gari husika. Ile ndoano ndogo inayokuja na gari ni ya kunasulia tu. Nimeona fremu iliyofungwa kwenye ndoano hizo. Tundu lilikuwa limeshavutika na kuwa umbo la yai, na rangi kulizunguka imepasuka.

Tatu, fremu yenyewe. Za kutoka nje, kama Roadmaster na Blue Ox, huandikwa uwezo wake kwa pauni. Pauni 5,000 ni kama kilo 2,268. Zina mikono inayorefuka na kujifunga yenyewe ukianza kuondoka, kwa hiyo mtu mmoja anafunga bila kusukumana na gari. Fremu ngumu ya kulehemu ni nafuu mno, lakini inataka mtu wa kuelekeza na gari lisimame sentimita kwa sentimita. Mimi sina shida na fremu ya fundi wetu kama ametumia chuma kizima, pini zenye kishikizo na viungo vinavyocheza juu na chini. Nina shida na fremu isiyojulikana uwezo wake. Na uwezo wa mfumo mzima ni ule wa kifaa chenye kiwango kidogo kuliko vyote: fremu ya tani mbili kwenye soketi ya tani moja na nusu ni mfumo wa tani moja na nusu.

Fremu ikae sambamba na barabara, tofauti ya urefu kati ya pande mbili isizidi kama sentimita 10. Chasisi ya Fuso iko juu sana kuliko pua ya Vitz, kwa hiyo utahitaji kishushio. Fremu ikielekea chini mno, ukifunga breki gari dogo linajaribu kuingia chini ya kubwa.

Nne, minyororo miwili ya usalama, ipishane msalaba chini ya fremu ili fremu ikichomoka iangukie juu yake badala ya kuchimba lami. Tano, taa. Kati ya Uyole na Isongole ukungu unashuka mchana kweupe, na Mufindi vivyo hivyo. Dereva wa lori aliye nyuma yako anaona gari dogo tu, halioni kubwa. Taa za breki na indiketa za gari dogo lazima zifuate za kubwa. Fundi umeme anaweza kuunganisha waya kwa diodi ili umeme usirudi kwenye mifumo ya gari dogo, au ufunge taa tofauti kabisa zisizogusa waya za gari. La pili ni rahisi na halileti ugomvi na kompyuta ya gari.

Usukani nao usiwe umejifunga. Magari mengi yanataka ufunguo ubaki ACC (hatua ya kabla ya ON), na ACC inakula betri siku nzima. Toa fyuzi zisizohitajika au vuta waya wa kuchaji kutoka gari kubwa.

Udhaifu mkubwa wa fremu ya A ni kurudi nyuma. Huwezi. Magurudumu ya mbele ya gari dogo yanageuka yanakotaka, fremu inapinda. Ukijichanganya ukaingia kichochoro cha Mwanjelwa siku ya soko, itabidi ufungue, usogeze magari moja moja, ufunge tena. Na usijaribu kufungua ukiwa umesimama kwenye kona, pini zitakuwa zimebanwa. Simama mahali palipo nyoofu na tambarare.

Breki

Kwenye mteremko unaoshuka mita 8 kwa kila mita 100, gari la kilo 1,000 linakusukuma kwa nguvu ya karibu kilo 80 muda wote unaposhuka. Ukikanyaga breki ghafla kwa sababu bodaboda imekatiza, msukumo huo unapanda hadi kilo mia kadhaa, na unakuja kwenye makalio ya gari lako, yaani mahali pabaya kabisa ukiwa kwenye kona. Sasa fikiria Kitonga ukielekea Ruaha Mbuyuni, au kushuka Iwambi kwenda Mbalizi, kote ambako malori yenye breki zilizochemka yameshaua watu wengi. Breki za Coaster zilipimwa kwa Coaster na abiria wake.

Uingereza gari linalovutwa kwa fremu ya A linahesabiwa kuwa tela, na tela lenye uzito unaozidi kilo 750 lazima liwe na breki zake. Kwa mimi hicho ni kipimo kizuri hata huku kwetu. Kirikuu kitupu kiko karibu na hapo, Vitz imepita, Hilux imepita mara mbili.

Njia za kulipa gari dogo breki ni tatu. Kuna kisanduku kinachokaa mbele ya kiti cha dereva na kusukuma pedali kila kinapohisi mwendo unapungua. Kinahamishika kutoka gari hadi gari, hakitaki fundi mwingi, na ndicho ghali. Kuna fremu yenye kichwa kinachobonyea gari dogo linaposukuma, nacho kinavuta kebo iliyofungwa kwenye pedali. Ni chuma na kebo tu, fundi wa Mafinga au Makambako anaweza kukirekebisha. Na kama gari lako kubwa lina breki za upepo, kuna silinda ndogo inayofungwa kwenye pedali ya gari dogo na kulishwa upepo kutoka mbele. Kwa Fuso lenye upepo ningechagua hii bila kusita, kwa sababu gari dogo linafunga breki kwa kadiri ile ile unayokanyaga wewe.

Kwa wasio na upepo napendelea kebo kuliko kisanduku, na sababu ni vumbi, joto na upatikanaji wa vipuri. Lakini kebo ina tabia ya kushika kidogo kidogo njia nzima ya mteremko mrefu, kwa vile gari dogo linasukuma muda wote. Kwa hiyo shuka na gia ndogo tangu juu. Ukimaliza miteremko ya Uyole hadi Igurusi, simama, sogeza mgongo wa kiganja karibu na rimu za gari dogo moja baada ya nyingine. Zikiwa na vuguvugu sawa, endelea. Moja ikiunguza na nyingine baridi, kuna breki imeng'ang'ania, au hendibreki haikushuka yote.

Kumbuka pia kwamba injini ya gari dogo imezimwa, kwa hiyo busta, kile kifaa kinachousaidia mguu kukanyaga breki, haina nguvu. Baada ya kukanyaga mara chache pedali inakuwa ngumu kama jiwe. Mfumo utakaonunua uwe umeundwa kwa pedali ngumu, au uje na pampu yake ya kulisha busta.

Na usisahau swichi ya dharura: waya mwembamba kutoka gari kubwa, ukivutika kwa sababu fremu imechomoka, gari dogo linajifunga breki lenyewe. Kifaa hiki ni cha bei ndogo kuliko vyote kwenye mfumo, na kwenye barabara yenye wanafunzi wanaotembea kandokando sioni sababu ya mtu kukiacha.

Kitoroli

Magurudumu mawili ya mbele juu, mawili ya nyuma chini. Kinafaa otomatiki inayoendeshwa na magurudumu ya mbele, mradi hendibreki iwe imeshushwa na gari lisiwe 4WD. Hakihitaji bamba kwenye gari dogo, na unaweza kukitumia kwa gari lolote la jamii hiyo. Hata hivyo sikipendi sana. Nacho hakirudi nyuma, mikanda ya kubana matairi inalegea kwenye barabara ya vumbi na inataka kukazwa tena baada ya mwendo mfupi, na ukifika kambini unabaki na kifaa kizito cha kutafutia mahali. Mara nyingi utakipata bila breki. Ukikipata chenye breki, kwa mwenye IST moja tu kinaweza kuwa jibu.

Tela

Tela linabeba gari lolote: Prius, Forester, otomatiki, hata lililokufa injini. Matairi ya gari dogo hayaliwi na lami, mawe ya barabara ya vumbi hayapigi radieta kwa karibu, kilomita haziongezeki kwenye mitambo. Linarudi nyuma, na hilo peke yake ni faida kubwa mjini. Breki zake ni zake, ekseli mbili zikiwa na breki zote ndizo ningezitaka.

Gharama yake ni uzito. Tela tupu la kubebea gari mara nyingi ni kilo mia tano hadi tisa, juu yake weka Vitz ya kilo 1,000, umeshafika tani moja na nusu hadi karibu mbili nyuma ya Coaster yenye vitanda na tangi la maji. Soma kwenye kitabu cha gari kubwa uzito wa juu linaoruhusiwa kuvuta kabla hujalipa chochote. Kupanda kutoka Igawa kwenda Makambako utausikia uzito huo kwenye kila gia, na kwenye tangi la dizeli pia. Tela lina usajili na namba yake, na mizani ya Makambako iko njiani.

Namna ya kupakia ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Gari likikaa nyuma mno, pua ya tela inanyanyuka na tela linaanza kuyumba kushoto na kulia, na ukiongeza mwendo yumbo linakua. Sogeza gari mbele mpaka pua ya tela iwe na asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote, kisha funga kila gurudumu kwa mkanda wake. Alama ya rangi kwenye sakafu ya tela, pale matairi ya mbele yanapotakiwa kusimama, itakuokolea muda kila safari.

Dereva wa pili

Watu huiona njia hii kama ya kukosa vifaa. Mimi naiona njia halali kabisa kwa anayehama mara chache kwa mwaka. Mafuta ya Vitz kutoka Mbeya hadi Iringa ni kidogo ukilinganisha na kisanduku cha breki, na gari kubwa linabaki jepesi kwenye miteremko. Dereva wa pili anaweza pia kukimbia mbele kuangalia kama daraja la kijijini linapitika. Kinachokula faida ni posho na malazi ukihama kila wiki, na uchovu wa mume na mke ambao kila mmoja yuko kwenye usukani wake siku nzima.

Nani achukue kipi

Mwenye Fuso lenye breki za upepo na gari dogo la gia za mkono lenye transfa au propela ya kufunguka, achukue fremu ya A, na bajeti yake ihesabu fremu, bamba, minyororo, taa, breki na swichi kwa pamoja. Kama pesa inatosha fremu tu, asubiri.

Mwenye Coaster na IST ya otomatiki, kwa maoni yangu, atumie dereva wa pili mpaka kuzunguka kwake kuwe kwa mara kwa mara, halafu aende moja kwa moja kwenye tela, ikiwa kitabu cha Coaster kinaruhusu uzito huo. Fremu ya A kwake haipo, hata auziwe kwa bei ya kutupa.

Mwenye Forester ni tela au dereva, na mwenye Prius vivyo hivyo, au kitoroli kama si 4WD. Mwenye kirikuu na safari za Kyela na Matema, fremu ya A yenye kebo, propela imefunguliwa, na gia ndogo kwenye kila mteremko tangu Isongole.

Na kama gari dogo bado hujalinunua, umebahatika. Tafuta la gia za mkono, jepesi, na kabla ya kulipa litazame kwanza mbele chini ya bampa kama mihimili yake haijawahi kugongwa na kunyooshwa, kwa sababu hapo ndipo bamba litakapofungwa.